Bibi Tulinagwe na Neno Lisilo na Wimbo

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Doreen wa darasa la sita alikwenda kwenye chumba cha kanisa pale Bulyaga. Alijitolea kumsaidia Mwalimu Felista kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwanafunzi wa Doreen alikuwa Bibi Tulinagwe, muuza ndizi na mwanakwaya wa siku nyingi.

Bibi alisoma kitabu cha nyimbo kama maji. Doreen akavimba kichwa. Akamwendea mzee wa kanisa. "Bibi yuko tayari kusoma matangazo Jumapili."

Jumamosi, siku moja kabla ya matangazo, Doreen aliweka kidole katikati ya ukurasa. "Neno hili, Bibi?"

Bibi akaanza kuimba chinichini tangu ubeti wa kwanza, mpaka akalifikia. "Neema!"

Doreen akashtuka. Akaandika ubaoni: *mbolea*. Bibi akakodoa macho.

"Hilo halina wimbo," alisema.

"Basi kesho nitakusomea matangazo mapema, uyakariri. Nani atajua?"

"Mimi nitajua! Miaka yote nimeshika kitabu kwenye kwaya nikiigiza kusoma. Nimechoka, mwalimu wangu."

Mwalimu Felista aliwasikia. "Doreen, ulimsifu kabla hujampima. Nenda kamwambie mzee ukweli."

Doreen akaenda, uso chini. Mzee akakubali kusubiri.

Kitabu cha nyimbo kikawekwa kabatini. Wakasoma mifuko ya mbolea, paketi za sabuni, na vibao vya maduka ya mtaa jirani wa Bagamoyo.

"Bibi, umekuja kununua au kukagua?" Twalib mwenye duka alimtania.

"Kukagua! Umeandika hapa sukari ipo. Iko wapi?"

Twalib akacheka, akakifuta kibao.

Miezi ikapita. Jumapili moja Bibi alisimama mbele, karatasi mkononi. Alisoma polepole, kidole kikitembea. Kwenye mstari wa tatu akakwama. Watu wakakohoa. Doreen alitamani kumnong'oneza, akauma midomo.

"Cha… chanjo. Chanjo ya watoto ni Jumatano, zahanati ya Mpuguso."

Vigelegele vikapasua kanisa. Bibi akaketi, kichwa juu. "Ndaga fijo, mwalimu wangu," alimwambia Doreen. Maana yake, asante sana.

Nje, Mwalimu Felista alimshika Doreen bega. "Leo jivune, una haki. Ukimfichia mtu anachoshindwa, humsaidii. Mwonyeshe, kisha kaa naye mpaka aweze. Ndivyo mlivyofanya."