Vidonge Vinne vya Kishindo

Fundi viatu alikuwa na mbwa aitwaye Kishindo. Kila asubuhi mbwa huyo alimfuata dukani, akalala chini ya meza, kati ya soli na makopo ya gundi.

Siku moja hakwenda. Alilala mlangoni akihema. Mke wa fundi, mwenye mimba ya miezi saba, aliinama kwa shida akamfunua mdomo. Akashtuka. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

"Mume wangu, huyu hana damu!"

Fizi hizo fundi alikuwa ameziona tangu alfajiri. Saa hiyo hiyo alikuwa amechukua vidonge vya kuongeza damu ambavyo mkewe alipewa kliniki. Akamlisha mbwa vinne, ndani ya kipande cha nyama, bila kumwambia mkewe.

Mara Kishindo akaanza kutapika. Jirani yao, mwanamke wa maabara ya hospitali ya wanyama, akasikia vurugu, akaja mbio.

"Shemeji, umempa kitu?"

"Mimi? Chakula tu."

"Mbebe. Twende sasa hivi."

Hospitalini, daktari alimnyoa Kishindo mguuni, akachukua damu. Jirani akaipeleka kwenye mashine. Majibu yalipokuja, daktari alikunja uso.

"Damu hii inanichanganya. Chembe nyekundu ni chache, ndogo na zimepauka. Ni dalili ya kukosa madini ya chuma kwa muda mrefu. Lakini chuma kinachozunguka kwenye damu kiko juu mno." Akamgeukia fundi. "Bwana, amekula nini leo?"

Jasho lilimtoka fundi. Je, amemuua kwa mkono wake? Mkewe, aliyekuwa amekuja nao, alimkazia macho.

"Vidonge vya mke wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Vinne."

"Afadhali umesema. Chuma kikizidi ni sumu. Kinaunguza tumbo, kinaharibu ini. Mnyama anaweza kuonekana amepata nafuu, kisha akazidiwa ghafla."

"Atakufa, daktari?"

"Sijui bado. Atabaki hapa, tumtie dripu."

Siku mbili fundi alifanya kazi roho mkononi. Alijipiga nyundo kidoleni mara tatu. Nyumbani mkewe hakumsemesha.

Siku ya tatu jirani alibisha hodi. Fundi aliogopa hata kufungua mlango.

"Shemeji, ametoka hatarini!"

Fundi aliketi palepale kizingitini, akalia.

Wiki iliyofuata damu ilipimwa upya. Safari hii majibu hayakuwa na utata.

"Chuma kwenye damu ni kidogo," jirani alieleza. "Na akiba ya mwilini imekwisha. Tunapima vyote viwili, awe mbwa au paka. Mnyama mwenye ugonjwa mwingine anaweza kuwa na chuma kidogo kwenye damu, kumbe akiba imejaa. Huyo ukimpa chuma unamuumiza bure."

"Na akiba ya Kishindo imekwenda wapi?"

"Ana minyoo ya safura. Tumeona mayai yake kwenye kinyesi. Inamnyonya damu kila siku."

"Kwa hiyo mimi napakua, minyoo inakula!"

"Tena inashiba. Wewe ndiye ungebaki unashangaa."

Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kishindo alipewa dawa ya minyoo, na chuma kwa kipimo cha daktari. Fundi akawa anazoa kinyesi uani kila siku. Wote walivaa viatu, kwani minyoo ya mbwa huweza kupenya ngozi ya mtu. Baada ya miezi miwili, vipimo vilionyesha akiba imerudi.

Siku moja mteja alileta kiatu kushonwa. Akasema paka wake amelegea, fizi zimepauka. Akatoa pakiti ya vidonge mfukoni. "Nimeanza kumpa hivi jana."

Fundi aliweka sindano chini, akafunga duka.

"Kamchukue paka, twende wote akapimwe damu. Na hivyo vidonge njoo navyo, daktari avione."