Sababu: Mtu

Paa la behewa, tani nne za chuma, lilining'inia hewani bila mnyororo wala kamba. Sumaku za darini zilikuwa zimelishika, na chini yake mikono-chuma thelathini ilijipanga tayari kuchomelea. Iliongozwa na Msimamizi, ubongo wa kompyuta uliokiendesha kiwanda hiki cha Mwanza tangu mamia ya mafundi waliporudishwa makwao.

Mhandisi Nyanjige alikuwa akitazama kupitia kioo cha chumba cha uangalizi. Ghafla akasogea hadi kwenye kioo. Chini ya paa lile palikuwa na mtu.

Alikuwa Mabula, fundi wa matengenezo, aliyeingia kunasua koleo la mkono-chuma mmoja lililokwama. Msimamizi huwatambua watu kwa macho yanayohisi joto, na Mabula alikuwa amevaa vazi zito la kujikinga na moto, lililofungia joto lote la mwili wake ndani. Kwa Msimamizi, ukumbi ulikuwa mtupu. Koleo lilipoachia tu, hakuona sababu ya kungoja.

Mikono ikaanza kuchomelea. Paa likaanza kushuka.

Nyanjige alipeleka mkono kwenye swichi nyekundu, njia pekee ya kumzuia Msimamizi, kisha akaurudisha. Kukata umeme kungezima sumaku pia, na paa lingemwangukia Mabula. Akanyakua redio.

"Mzee Mabula, unanisikia?"

"Nakusikia, Mhandisi. Mikono imenizunguka huku. Sina pa kupita." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimama karibu na mbwa mkali.

"Vua hilo vazi."

Cheche zilisikika zikipasuka redioni.

"Mwanangu, huku ni moto mtupu."

"Najua. Lakini ukiwa ndani yake, Msimamizi hakuoni. Vua, mzee wangu. Vua sasa hivi."

Mabula alitoa kofia kwanza, kisha akahangaika na mikono ya vazi. Paa lilikuwa limemfikia utosini, akapiga magoti. Cheche zilimwangukia mabegani, na Nyanjige alimsikia akihema kwa meno yaliyokazwa. Vazi lilipofika kiunoni, mikono yote thelathini iliganda kwa pamoja. Paa likatulia.

Kwenye kioo cha kompyuta yalitokea maneno machache: *Kazi imesitishwa. Sababu: mtu.*

Alasiri mkurugenzi alipiga simu. Aliuliza kwanza hali ya Mabula, na Nyanjige alisikia kwamba aliuliza kwa moyo.

"Msimamizi amependekeza koleo linalojinasua lenyewe," akaendelea. "Hatutamhatarisha binadamu tena mle ndani. Mafundi wa matengenezo wote tutawaaga mwisho wa mwezi."

Maneno yale hayakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomtia Nyanjige baridi.

Kesho yake alikwenda hospitali. Mabula alikuwa ameketi kitandani, mabega na viganja vimefungwa bandeji, mkewe akimnywesha uji kwa kijiko.

"Daktari anasema vidonda si vya kutisha," Mabula alisema. "Nitarudi zamu gani, Mhandisi?"

Nyanjige angeweza kumwambia apone kwanza. Badala yake alivuta kiti, akakaa.

"Hakuna zamu, mzee wangu. Wameiondoa kazi yenyewe. Wanasema ni kwa usalama wenu."

Mkewe akarudisha kijiko bakulini. Mabula alivitazama viganja vyake.

"Ungeniambia hayo jana, nikiwa kule chini," alisema taratibu, "sijui kama ningelivua lile vazi."