Sauti ya Phanice Redioni

Jua lilikuwa linazama nilipofika dukani kwa Bashir, hapa Uriri, kununua sukari ya uji wa watoto. Redio ilikuwa inacheza nyimbo. Zikakatika, likaja tangazo.

"Mimi ni Phanice, kutoka Uriri. Nilikuwa na uvimbe kwa titi. Nikaingia mvuke wa Daktari Bogonko, kule Muhuru Bay. Nimepona kabisa!"

Phanice alikuwa mke wangu. Tulimzika msimu wa kupanda mahindi.

Bogonko si daktari. Ana hema la turubai kando ya ziwa, na sufuria kubwa ya majani yanayochemka. Mgonjwa anafungiwa humo mpaka alie. Jamaa wake wa matangazo, Gisiri, alikuja kwetu kumrekodi Phanice siku aliyoamka bila maumivu. Aliongea akicheka. Baadaye uvimbe ulirudi, lakini kila aliposikia sauti yake redioni aliamini amepona. Kliniki akaacha kwenda.

"Pole, Baba Levis," Bashir akasema, akinyoosha mkono azime.

"Acha kwanza."

Tangazo halikuwa limeisha. Hapo ndipo husomwa namba ya simu. Jioni hiyo haikusomwa. Kulikuwa na pumzi tu... nzito, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Halafu harufu ya majani yaliyochemka ikajaa duka zima.

"Baba Levis..." Sauti ilikuwa chini sana. "Nifungulie... Huku ni moto."

Bashir akazima redio. Akachomoa na waya.

"Nifungulie..."

Bashir alirudi nyuma mpaka kwenye magunia, akiomba dua. Mimi niliishika ile redio kwa mikono yote miwili. Ilikuwa na joto kama la mwili wake siku zile za mwisho.

Na ilikuwa imelowa.

"Nifungue wapi, Phanice?" nilinong'ona. "Niambie ni wapi."

Alikuwa analia. Nyuma yake nikasikia wengine wakikohoa, wengi, wamebanana. Mwanamke mmoja akaita jina la Yesu. Sauti hiyo niliijua.

Milka. Jirani yetu. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amewaletea watoto wangu maziwa.

Kisha sauti zikakatika.

Nikampigia Gisiri. "Toa hilo tangazo!"

"Nililitoa siku ya mazishi," akasema. "Watu bado wananipigia, ndugu yangu. Wanasema wanalisikia. Hata watu wa redio hawajui linatoka wapi."

Nikakimbia hadi kwa Milka. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Mama yake mzazi alikuwa amekaa nje, akichambua omena, dagaa wa ziwani.

"Ameenda Muhuru Bay mchana," akasema. "Titi limemsumbua sana. Nilimwambia ni hospitali, akakataa."

"Mama, Milka alikuwa kwa mazishi. Alimwona Phanice kwa jeneza!"

"Nilimkumbusha." Mikono yake ikatulia juu ya ungo. "Akaniambia, 'Mama, lakini sikiliza vile anacheka.'"

Nikapiga simu ya Milka. Iliita sana, ikapokelewa. Nilisikia maji yakichemka tu... na mtu akigwaruza turubai kwa kucha.

"Ni yeye?" mama akauliza, akijifuta mikono kwa leso. "Nipe nimsalimie mtoto wangu."

Alinyoosha mkono. Sikujua nimnyime vipi.