Honi Iliyolia Yenyewe

Huko Lushoto, milimani, asubuhi kuna baridi na ukungu mzito. Huko ndiko anakoishi Mwajabu, pamoja na baba yake, bibi yake, na pikapu yao kuukuu ya bluu.

Asubuhi moja Mwajabu alikaa mlangoni, anakunywa uji. Kuku akarukia boneti ya gari. Tup.

Piiiiii!

Mwajabu akashtuka. Kikombe kikamponyoka. Kuku akapaa hadi juu ya bati.

Ndani ya gari hamkuwa na mtu. Honi imelia, wala hakuna aliyeigusa.

Baba akatoka mbio, povu la sabuni masikioni. Akamuuliza Mwajabu kwa nini anachezea honi asubuhi yote ile.

"Si mimi, Baba," akasema Mwajabu. "Imelia yenyewe."

Baba hakuamini. Machozi yakamlengalenga Mwajabu.

Baba akafungua mlango wa gari. Akachungulia ndani, asione kitu. Akaufunga. Pa.

Piiiiii!

Baba akaruka kuliko hata yule kuku. Honi imelia, wala hakuna aliyeigusa.

Baba akachuchumaa mbele ya Mwajabu. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Kumbe ulisema kweli."

Bibi naye akatoka jikoni, mkono kifuani. Alikuwa ameshtuka, akamwaga chumvi yote kwenye maharage. Akasema gari lile liende kwa fundi sasa hivi.

Baba na Mwajabu wakaondoka. Njia ilikuwa na mashimo.

Shimo. Gudu.

Piiiiii! Mbuzi wakatawanyika.

Shimo jingine. Gudu.

Piiiiii! Mzee mmoja akaingia na baiskeli yake kwenye kabichi.

Baba akasimama, akamwomba radhi. Mwajabu akajificha uso ndani ya sweta. Honi imelia, wala hakuna aliyeigusa.

Karibu na soko alikuwepo Fundi Semeni, mama anayetengeneza umeme wa magari. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka hata kidogo.

Akafungua boneti. Akaiunganisha honi na betri. Pi. Honi ni nzima.

Akatazama fyuzi. Nzima. Akatazama kitufe cha kwenye usukani. Kizima.

"Basi ni waya," akasema Fundi Semeni. Lakini nyaya zilikuwa nyingi, zimesokotana kama tambi kwenye sahani.

Fundi Semeni akamsimamisha Mwajabu juu ya tofali. Akamwambia aweke mikono nyuma, asiguse kitu, atazame tu.

Baba akalitikisa gari. Gudu, gudu.

Piiiiii!

Mwajabu akashtuka. Lakini hakufumba macho. Nyuma ya taa, kwenye giza, aliona cheche ndogo. Tsi.

"Pale," akasema Mwajabu. "Pamewaka."

Fundi Semeni akachomoa kwanza waya wa betri. Kisha akaingiza mkono nyuma ya taa, polepole.

Kitu chenye manyoya kikapita juu ya mkono wake.

Panya!

Fundi Semeni akajikuta amesimama juu ya stuli. Baba akajikuta juu ya rundo la matairi. Mwajabu alibaki palepale juu ya tofali, kwa sababu miguu yake ilikataa kwenda.

Panya akakimbilia mtaroni. Wote watatu wakatazamana. Kisha Fundi Semeni akaanza kucheka, na Baba akacheka, na Mwajabu akacheka mpaka tumbo likamuuma.

Fundi Semeni akawaonyesha waya mmoja mwekundu. Panya alikuwa ametafuna ganda lake. Waya umebaki uchi. Gari likitikisika, waya unagusa chuma, na honi inalia.

Akauzungushia waya huo tepu nyeusi, tena na tena, mpaka ukafunikwa wote. Akarudisha waya wa betri.

Baba akalitikisa gari. Gudu, gudu.

Kimya.

Baba akafunga mlango. Pa.

Kimya.

Mwajabu akapanda, akanyoosha kidole, akabonyeza katikati ya usukani.

Piiiiii!

"Imelia," akasema Mwajabu, "na mimi ndiye niliyeigusa."

Wakati wa kurudi, ukungu ulikuwa umeshuka tena. Barabara haikuonekana. Walipofika kwenye kona, Baba akapunguza mwendo, akapiga honi. Piiii.

Ng'ambo ya kona, honi nzito ikaitika. Pooooo.

Baba akasimama pembeni kabisa. Lori kubwa likatokea ndani ya ukungu, polepole, taa zake zinawaka. Likapita salama. Dereva wake akawapungia mkono.

Jioni Bibi alimfunika Mwajabu blanketi. Mwajabu akaanza kumsimulia yote, tangu kuku, na mbuzi, na mzee wa baiskeli.

Lakini kabla hajafika kwa panya, usingizi ulimchukua.