Neno la Mkaguzi wa Kamba

Ilianza na harufu. Kamba inayoungua kwa kusuguliwa, ndani ya ghala la kurekodia filamu, asubuhi ambayo kamba zote zilikuwa zimekunjwa kabatini. Dada Kamba akainusa, akasingizia mafua.

Huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kamba. Kabla mwigizaji wa hatari hajaruka kutoka jukwaa la juu, Dada Kamba huivuta kamba mara tatu kwa uzito wake wote, kisha huita, "Salama!" Bila neno hilo kutoka kinywani mwake, hata mwongozaji apasuke kwa kelele, haruki mtu.

Zamani aliyekuwa akiruka ni yeye. Goti likaharibika, nafasi ikaenda kwa mdogo wake wa tumbo moja, waliyemwita Kipepeo. Jamani, wivu usikieni tu! Wa jirani utahama mtaa upone. Wa ndugu mnakula naye sahani moja. Siku ya mkosi mwongozaji alisema mbele ya wote, "Kipepeo, dada yako enzi zake hakukufikia hata kisigino!" Watu wakacheka. Dada Kamba naye akacheka, kicheko cha meno, akaiendea kamba, asiivute hata mara moja. Akaita, "Salama!"

Hakutaka mdogo wake afe. Alitaka shughuli iishe atoke nje akalie. Kamba ikakatika.

Baada ya mazishi kila mtu akanawa mikono. Mwongozaji akasema kazi yake ni picha. Mtayarishaji, mwenye filamu, akasema ndiyo maana aliajiri mkaguzi. Dada Kamba akaapa kwamba alivuta mara tatu, na mama yake akamkumbatia: "Afadhali ulikuwepo wewe, mwanangu." Ikaandikwa kuwa ni ajali. Ajali! Kana kwamba ilikuja kwa miguu yake.

Basi ndipo ilipokuja ile harufu, na baada ya harufu zikaja sauti. Jukwaani kusiko na mtu kamba ilivutwa, kriii, mara moja, mara ya pili, halafu kimya. Ya tatu haikuja kamwe. Ikamfuata hadi nyumbani, mchana kweupe, kwenye kamba ya kuanikia nguo, kriii, kriii, naye akiwa jikoni na kisu mkononi akisubiri hiyo ya tatu huku jasho likimtiririka mgongoni, akajiambia ni upepo, na mashuka yaliyoanikwa yalikuwa yametulia tuli, hadi mama yake akaingia mbio, uso umempauka.

"Mwanangu," akanong'ona, "nani anaita salama huko uani? Sauti ni yako, nawe uko hapa."

Mganga aliyeletwa alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Akamtoa mama nje kwanza.

"Hili jini halikutumwa na mtu," akasema. "Ulitoa neno tupu, jini likaingia humo kukaa. Majini hawaachi nyumba tupu ikae bure."

"Nitalitoaje?"

"Sema ulichofanya mbele ya waliokuwepo. Litatoka kwako."

"Kwangu tu?"

"Nimesema kwako."

Kesho yake hakusema. Jukwaani alisimama mrukaji mpya, binti mwenye nywele fupi, palepale aliposimama Kipepeo, na mwongozaji alikuwa ameshaanza kumsifu. Wivu ukamchoma Dada Kamba upya, wivu kwa niaba yake na ya marehemu. Akavuta mara moja. Akavuta ya pili.

"Salama!"

Ni sauti yake, kutoka darini. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Binti akaruka, fundo likaanza kufunguka, na Dada Kamba akaidaka kamba kwa viganja vitupu, ikamchuna, ikamburuta hadi ukutani, ile harufu ikajaa ghala zima, naye hakuachia, hakuachia, hadi binti akaning'inia kimo cha meza kutoka sakafuni.

"Sikuivuta!" Dada Kamba akalia, mikono ikichuruzika damu. "Siku ile sikuivuta kamba! Nilimwonea wivu mdogo wangu, nikaita hivihivi! Nimemuua mimi!"

Harufu ikakatika.

Mtayarishaji akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Basi! Mwenye kosa tumempata. Mwongozaji, tuendelee na kazi."

Mwongozaji akaitikia kwa kichwa. Hakufungua mdomo, kila mtu alimwona. Lakini sauti yake ilishuka kutoka darini, wazi kabisa:

"Bosi, ile kamba imeanza kulika. Nimwambie mkaguzi?"

Na sauti ya mtayarishaji ikajibu hukohuko juu, bila haraka:

"Usimwambie. Tutachelewa. Kipepeo aruke."

Mtayarishaji akaziba mdomo wake kwa mikono miwili. Juu yake kamba ikavutwa mara moja, ikavutwa mara ya pili, na binti mwenye nywele fupi akaanza kunusa huku na huku, akauliza ni nini kinachoungua.