Herufi Zilizopata Upara

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule, Chapuchapu alishinda kwenye karakana ya mama yake mdogo, fundi wa kuandika mabango. Jina hilo la utani lilimkaa barabara. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mkono mwepesi na akili kali, lakini subira hakuwa nayo hata chembe.

Siku hiyo walikuwa na bango la zahanati mpya, la kuchukuliwa saa kumi na moja jioni. Mama mdogo alichora herufi kubwa kwa rangi ya fedha, ile yenye chembe bapa za alumini, ndogo mno. Alivuta brashi taratibu, upande mmoja tu, mpaka chembe zote zikalala sawasawa na herufi zikang'aa.

"Naenda kununua misumari," alisema. "Bango likaukie hapa hapa kivulini. Likikauka, lifunike kwa karatasi, kisha uende zako kwenye netiboli. Usilisogeze, mwanangu."

Mechi ilikuwa saa tano. Chapuchapu aligusa pembe ya bango. Bichi. Akasubiri kidogo, akagusa tena. Bado bichi! Akaona isiwe taabu: akalibeba hadi uani, akalilaza juani juu ya bati la moto. Muda si mrefu likakauka. Akalirudisha, akalifunika bila hata kulitazama, akatimua mbio.

Aliporudi saa saba, alisikia makelele tangu njiani. Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya duka la jirani, kopo mkononi. Mwenye duka, mzee muuza rangi, alikuwa amesimama mlangoni.

"Herufi zimeota upara katikati, rangi yote imekimbilia ukingoni! Umeniuzia rangi feki, mzee wangu!"

"Binti yangu, miaka yote hii nakuuzia, nimekudanganya lini?"

Mama mdogo akamgeukia Chapuchapu. "Ulilisogeza bango?"

"Hapana," neno lilimtoka kabla hajafikiri.

Mteja mmoja akarudisha mezani kopo alilotaka kununua, akaondoka. Mzee akamtazama hadi alipokata kona. "Basi nafunga," alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kuwauzia watu kitu nisichokijua." Akaanza kuvuta mlango.

Hakuna aliyemwona. Angenyamaza tu, yangekwisha. Lakini mzee yule angekwisha nayo, na hilo lilimuuma.

"Mama mdogo, rangi haina kosa!" alipaza sauti huku akilia. "Nililianika juani. Nimekudanganya."

Mama mdogo aliweka kopo chini polepole.

"Tone la chai likikauka mezani, weusi wake hubaki wapi?"

"Ukingoni."

"Kwa sababu ukingoni ni pembamba, panakauka kwanza. Majimaji ya katikati hukimbilia huko kujazia, yakibeba kila kilichomo. Kivulini mwendo ni wa taratibu, chembe hubaki nilipozilaza. Wewe umezitia juani, zikasombwa zote." Kisha akamwinamia mzee. "Nisamehe, mzee wangu. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

Akamshika Chapuchapu mkono. "Walisikia shutuma, wausikie na ukweli. Mfuate yule mteja umwambie."

Chapuchapu alikimbia, akamfikia yule mteja mbele kidogo ya kona, akamweleza kila kitu huku uso umemwiva kwa aibu. Mteja alirudi kununua kopo lake.

"Mjukuu wangu," mzee alisema, akicheka kidogo, "kuanzia leo tukuite Polepole."

Walizifuta herufi kwa kitambaa na tina ya kuzimulia rangi, mama mdogo akachora upya. Ilikuwa saa nane. Chapuchapu alikaa kivulini kando ya bango saa tatu nzima, mikono kaikalia. Muuguzi wa zahanati alipofika kulichukua bango, herufi ziling'aa mwanzo mpaka mwisho, naye akalipokea akitabasamu.

Muuguzi alipoondoka, mama mdogo alimwita Chapuchapu karibu.

"Bango lililoharibika tumelifuta kwa tina, tukaanza upya. Lakini jina la yule mzee, mwanangu, lingeharibika tungelisafisha kwa tina gani?"