Neno Mgongoni mwa Koti

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa amri.

"Mguu... sawa! Mbele... tembea!"

Huyo alikuwa binti yangu mkubwa. Mtaa mzima ulimwita Kamanda. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo, basi kazi yake asubuhi ilikuwa kumkimbiza mdogo wake uani kabla hajaenda shule. Mdogo mtu, ambaye tulimwita Kurutu, alitembea huku na huko na mswaki mdomoni.

"Kurutu, inua mikono!"

"Afande, nina povu!"

"Meza!"

"Usimeze!" nilipiga kelele kutoka barazani, mguu wangu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Nilikuwa nashona sketi za shule, na kwa kelele zile mshono ulikuwa unakwenda upande.

Saa hizo ndipo baba yao alipokuwa anarudi. Alikesha akilinda ghala la saruji. Aliingia kwa mwendo wa mtu mwenye usingizi, akampigia Kamanda saluti ili kumfurahisha, akavua koti lake la bluu, akaoga, akalala. Mimi nilichukua koti lile lililojaa vumbi la saruji, nikalifua na kulianika kwenye kamba, mgongo ukitazama mlango wa jikoni. Mgongoni palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa nyeupe zilizoanza kubanduka. Neno hilo nilipishana nalo kila nilipoingia jikoni, lakini nalisema tangu sasa: kuliona nililiona, kulisoma sikulisoma.

Kamanda hakutaka kitu kingine duniani ila kuwa afisa wa jeshi. Alitaka nyota mabegani, na watu wasimame akipita. Mimi neno jeshi lilinitisha, lakini mtoto ukimkataza kitu anachokipenda utamfundisha kukuficha tu. Nikaendelea kushona.

Kisha majibu ya vyuo yakatoka. Chuo kikuu kilimpa nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, yaani mambo ya visima, mabomba, matangi na kusafisha maji yanyweke. Alitakiwa kuithibitisha nafasi hiyo kwenye mtandao kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo angepewa mtu mwingine. Mimi nilishangilia peke yangu. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amenuna.

"Mabomba, mama! Mimi na mabomba wapi na wapi?"

Hapo ndipo alipoingia binti wa jirani, rafiki yake, ambaye wote tulimwita Redio kwa sababu akianza kusema hakuna wa kumzima.

"Shoga yangu, utasomea mabomba halafu uende jeshini? Adui akija utampiga na bomba la maji?"

Kamanda akacheka bila kutaka.

"Nijibu. Wizara ya jeshi inaitwaje?"

"Wizara ya Ulinzi."

"Na kile chuo cha barabara ya viwandani, chenye picha ya watu wamevaa buti, kimeandikwaje pale nje?"

"Chuo cha Ulinzi."

"Sasa unataka nikuchoree ramani?"

Niliona uso wa mwanangu ukifunguka kama dirisha. Aliinuka kutoka kwenye ndoo pale pale. Nikajua maneno yamemwingia, na maneno ya Redio yakishamwingia mtu hayatoki kirahisi.

"Lakini mmeuliza?" nikasema. "Mmemuuliza mtu yeyote?"

"Kuuliza nini, mama? Neno ni lile lile."

Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alikuwa amesoma miaka mingi kuliko mimi, na neno kweli lilikuwa lile lile. Nikasema basi tumngoje baba yake aamke, tumuulize yeye.

"Hapana, mama, nakuomba. Baba nataka nimshtukize. Siku moja anarudi asubuhi, ananikuta mlangoni na sare yangu, ananipigia saluti ya kweli. Mwache alale."

Nami nikamwacha alale.

Siku zilizofuata sikutulia. Nilivunja sindano. Nilishona mfuko wa shati kwa ndani. Kila nilipomwona Kamanda anapita na ile nafasi ya chuo kikuu hajaithibitisha, nilitaka kumshika mkono, nami sikuweza kusema kwa nini. Nilikuwa nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba yao aliniuliza, "Mama Kamanda, una nini?" Nikamwambia ni joto. Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu.

Alhamisi asubuhi, baba mtu alipolala, tulitoka mimi na Kamanda kwenda kuandikishwa Chuo cha Ulinzi. Alivaa viatu vyake vya shule vilivyong'arishwa mpaka vinatisha. Njiani alikuwa ananifundisha jinsi nitakavyomwita baada ya hapo.

"Utasema, Luteni, njoo ule."

"Nitasema, njoo ule kabla sijakuchapa."

Tukafika. Getini palikuwa wazi, tukaingia mpaka kwenye uwanja wa mazoezi. Vijana walikuwa wamepangwa mistari, wakiwa wametugeuzia migongo. Walivaa makoti ya bluu. Na kwenye kila mgongo palikuwa na neno moja, kwa herufi kubwa nyeupe: ULINZI.

Nilisimama. Koti lile nililijua. Nilijua hata mfuko wake wa kushoto unavyochanika. Nilikuwa nimetoka kulianika asubuhi hiyo.

"Gari limefika!" mkufunzi aliita. "Simamisha! Salimia! Uliza!"

Gari lenyewe lilikuwa toroli, na kijana mmoja alikuwa analisukuma huku akiunguruma kwa mdomo. Mwanafunzi wa mbele akainua mkono. "Shikamoo, mzee. Unakwenda kumwona nani?" Mwenzake akapitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya toroli, akatazama kwa makini, akasema, "Salama." Wakainua kizuizi. Gari likapita, likiunguruma.

Kamanda hakucheka. Alimfuata mkufunzi, akasimama mguu sawa.

"Samahani, afande. Mambo ya uafisa wa jeshi mnafundisha mwaka wa ngapi?"

"Uafisa wa wapi, binti?"

"Wa jeshi."

Mkufunzi alimtazama, akanitazama mimi, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Hapa tunafundisha watu kulinda mageti, maghala na benki. Mafunzo ni mafupi, na shahada hatutoi. Nani alikwambia habari za jeshi?"

"Ni... jina. Wizara ya Ulinzi. Nikadhani..."

"Aa. Nchi hulindwa, geti nalo hulindwa, yote tunaita ulinzi. Si wa kwanza wewe. Lakini ungeingia hata ofisini ukauliza kabla, ningekujibu."

Tulipotoka nje, Kamanda alitembea kwa kasi, macho mbele. Nilimwita, hakugeuka. Nilikuwa na ndara, moja ikakatika, nikaishika mkononi na kuendelea.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Kambini! Naenda kuomba niandikishwe leo leo, niwe kurutu wa kawaida. Chuo sitaki tena. Vyuo vyote sitaki!"

"Na nafasi yako? Kesho Ijumaa!"

"Achukue mwingine!"

Ningemrudisha kwa nguvu, lakini binti mrefu kuliko wewe unamrudishaje? Nikamfuata hivyo hivyo, mguu mmoja na ndara, mwingine peku, mpaka kwenye kambi ya jeshi.

Chumba cha wageni kilikuwa na benchi, meza na mwanamke aliyevaa sare, nyota mabegani. Alitazama kwanza mguu wangu.

"Mama, kaa. Mmefukuzwa?"

"Hapana, afande. Nimemfukuza huyu."

Afisa akatabasamu, akamgeukia Kamanda. "Sema, binti."

"Nataka kujiunga na jeshi, afande. Leo."

"Leo hatuandikishi mtu. Tukiwa tunaandikisha tunatangaza. Lakini nikuulize. Unajua kufanya nini?"

"Najua kukimbia, afande. Nakimbia sana."

"Hata sungura anakimbia sana. Kingine?"

Kamanda akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Unataka kuwa nani humu ndani?"

"Afisa. Kama wewe."

"Hujaniuliza nilipita wapi." Afisa akavuta kiti. "Mimi nilisoma uuguzi kwanza, chuo kinachotambulika, nikapata shahada. Ndipo nikaomba ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa. Kwenye usaili hawakuniuliza kama nina buti. Waliniuliza nitawafaa nini. Tuna madaktari humu, tuna wahasibu, tuna mafundi. Wewe hujachaguliwa chuo chochote?"

Kamanda akanong'ona, "Uhandisi wa maji."

"Sema tena?"

"Uhandisi wa maji, afande."

Afisa alicheka mpaka akashika meza. "Kikosi kikienda porini, unadhani wanakunywa nini? Mate? Na wewe unataka kuitupa nafasi hiyo?"

Kisha akaacha kucheka. "Siwezi kukuahidi kitu, binti. Rafiki yangu tuliomba pamoja, akakataliwa kwa sababu ya macho. Alilia sana. Lakini alikuwa na shahada yake, akaajiriwa kwingine, na leo watu wanamwita bosi. Chagua masomo ambayo geti hili likikataa kufunguka, bado una pa kwenda. Na kabla ya kukiamini chuo, ulizia kwanza kama shahada zake zinakubalika. Uliza mtu anayejua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

"Basi nyuma geuka. Na mnunulie mama ndara."

Tulirudi nyumbani tukikimbia. Simu yenye mtandao mzuri mtaani kwetu alikuwa nayo mtu mmoja tu, naye ni Redio. Tukamkuta mlangoni kwao. Kamanda akanyoosha mkono bila salamu. Ukurasa ukagoma kufunguka. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Tulihama kutoka chini ya paa hadi katikati ya uwanja, kutoka uwanjani hadi juu ya kifusi cha mawe, mimi nikiwa nimeushika mkono wa mwanangu kama vile mtandao ungepita kwangu. Ukafunguka. Akajaza, akabonyeza. Yakaja maandishi ya kijani: nafasi yako imethibitishwa.

Nilikaa chini pale pale kwenye mawe.

"Mimi uhandisi huo niliupenda tangu mwanzo," akasema Redio.

"Redio," akasema Kamanda, "zimika."

Jioni baba yao alipoamka, hatukuwa na la kuficha. Kamanda alisimulia mwenyewe, kuanzia Redio mpaka toroli. Baba mtu alianza kucheka kwenye toroli. Kisha kicheko kikapungua. Akaenda kwenye kamba, akalitoa koti lake, akaligeuza mgongo.

"Soma."

"Ulinzi," akasema Kamanda. "Baba, nisamehe. Nilipojua chuo ni cha makoti kama lako niliondoka haraka, lakini si kwamba naionea haya kazi yako..."

"Najua. Hata mimi siionei haya, inawalisha. Lakini kazi hii mimi nilijifunzia getini, kwa siku chache, na ghala halijawahi kuibiwa. Ungeniuliza chuo kile kinafundisha nini, ningekujibu nikiwa nimelala, bila hata kufumbua macho." Akaniangalia na mimi. "Na wewe mama unalifua kila siku."

Nikainamia cherehani.

Akavaa koti, akafunga vifungo polepole. "Sikiliza, mwanangu. Kutaka jambo kubwa si kosa. Kosa ni kusoma maandishi ya nje ukadhani umekijua chuo. Ukitaka kazi fulani, mtafute anayeifanya, umuulize alipita njia gani, kisha uichague njia hiyo kwa akili yako, si kwa picha ya buti wala kwa maneno ya rafiki. Na usione aibu kuwauliza waliolala chumba cha pili."

Akampigia saluti, akaenda kazini.

Sasa Kamanda yuko mwaka wa pili. Akipiga simu ananieleza habari za pampu na matangi mpaka salio linakatika. Kama jeshi litamchukua au halitamchukua, hatujui, na mimi hofu yangu bado ninayo. Lakini likikataa, atakuwa mhandisi, na hilo hakuna geti la kumnyang'anya.

Koti la baba yao naendelea kulifua. Siku hizi nikilianika nalisoma.

Jana Kurutu alitoka shuleni mbio, begi linaruka mgongoni. "Mama! Nimeshaamua! Nitakuwa rubani!"

"Vizuri sana. Umemuuliza nani?"

Akasimama, akafikiri. "Bado, afande mama."

"Basi nyuma geuka," nikamwambia. "Kaulize."